Mtoto Mwenye Usonji Mbele ya Fiqhi: Taklifu, Kutiwa Adabu na Haki Yake Msikitini

 

Mama mmoja alitujia baada ya darsa ya alasiri akatuuliza maswali matatu kwa pumzi moja. Mwanawe ana miaka 14, amebaleghe, hasemi ila maneno machache, na akisikia kishindo huziba masikio na kupiga ukelele. Je, swala imemuwajibikia? Je, wale waliomwambia asimlete tena msikitini wana haki? Na je, yeye ana dhambi anapomfungia ndani kwa kufuli akienda kuuza maandazi? Hospitali wamemwambia mtoto ana usonji. Mtaani wamemwambia ana jini. Tulimjibu kwa ufupi siku ile, tukaona tuliandike jambo hili kwa urefu kidogo, kwa kuwa hatumjui imamu ambaye hajaulizwa moja katika maswali hayo.

Wanachuoni wamesema kuwa kulitolea jambo hukumu ni tawi la kulielewa kwanza. Basi tuanze na usonji wenyewe.

Waarabu wa leo wanauita tawahhud, neno la shina moja na waahid, kwa maana ya kuwa peke yako. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 mwaka 1943, na Hans Asperger wa Vienna akaandika mwaka uliofuata. Kabla yao bibi mmoja tabibu wa Urusi, Grunya Sukhareva, alikwisha kuchapisha maelezo kama hayo kwa Kijerumani mwaka 1926, lakini hakusomwa sana. Hali yenyewe haikuanza na waandishi hawa; kilichoanza ni jina. Mwenye usonji huzaliwa na ubongo unaopokea mambo kwa namna nyingine. Kusema na kushirikiana na watu kunamuwia kugumu, hushikilia mazoea yake asitake yabadilike, hurudia harakati fulani kama kupepea mikono au kujitikisa, na hisia zake ama ni kali mno au ni baridi mno. Sauti ya feni ambayo mimi na wewe hatuisikii tena, yeye humchoma. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 alikuwapo mtu mmoja mwenye usonji katika kila watu 127. Kwa hesabu hiyo, msikiti wa Ijumaa wenye jamaa mia tano na ahali zao hauwezi kukosa mwenye hali hii.

Sababu zake nyingi zinarejea katika urithi wa damu. Si malezi mabaya ya mama, ingawa madaktari wa Ulaya na Marekani waliwatuhumu kina mama kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyuma. Wala si chanjo. Makala iliyoyazusha maneno hayo ilitoka katika jarida la The Lancet mwaka 1998, na jarida hilohilo likaifuta mwaka 2010. Na huko Denmark watafiti walipowafuatilia watoto 657,461, wakachapisha matokeo mwaka 2019, hawakuona chanjo ya surua kuzidisha usonji. Tunalitaja hili kwa sababu wazazi hutuuliza sisi, si madaktari, kama wawapeleke watoto kuchanjwa. Kwetu Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwaangalia watoto 20, wakaonekana 14 kuwa na usonji, na watatu katika hao hali ilianza baada ya kuugua malaria kali. Basi anayemkinga mwanawe na mbu anafanya jambo la maana kuliko anayemkimbia muuguzi.

Ama jini, sisi hatukanushi kuwapo kwa majini, na asiyeamini amekanusha Qur'ani. Lakini kuwapo kwa kitu ni jambo moja, na kudai kuwa kimo ndani ya mtoto huyu ni jambo jingine, nalo linataka dalili. Katika hadithi ya Ibn Abbas (R.A.) iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, mwanamke mweusi aliyekuwa akianguka kifafa alimwendea Mtume (S.A.W.). Akamkhiyarisha baina ya kusubiri apate Pepo na kuombewa apone. Akachagua subira, ila akaomba asiwe akifunuka nguo anapoanguka, na Mtume (S.A.W.) akamwombea hilo. Hakufungwa, hakupigwa, hakutiwa moshi wa pilipili puani. Anayetaka kumsomea mwanawe ruqya ya kisheria na amsomee, kwa sauti ya chini, na dawa na mafunzo yaendelee. Anayempiga mtoto kwa madai kuwa kipigo kinampata jini, huyo atadhamini kila jeraha analolitia, na hatuijui dalili itakayomwokoa mbele ya kadhi wala mbele ya Allah.

Taklifu

Kwa swali la kwanza, msingi ni hadithi mashuhuri ya watu watatu walioinuliwa kalamu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na asiye na akili mpaka akili imrudie. Hapa wengi huteleza kwa pande mbili. Wako wanaodhani kuwa neno la daktari likishaandikwa kwenye cheti, kalamu imeinuka. Na wako wanaoona ndevu zimeota wakasema taklifu imeshuka. Yote mawili si sahihi. Kinachoinua kalamu ni kukosekana kwa akili ya kufahamu khitabu, wala si jina la maradhi. Wenye usonji hawako daraja moja. Yuko mwenye kusoma chuo kikuu na kuandika vitabu. Huyo ni mukallaf kama wewe, ingawa hapendi kukutazama machoni. Na yuko asiyetambua kuwa kuna Mola anayeabudiwa wala wakati unaoingia na kutoka; huyo hana swala, hana saumu, wala hana kadhaa. Katikati yao ni yule wanachuoni wa usuli walimwita ma'tuuh, mwenye akili pungufu. Wakikuta ana tamyizi ya mtoto wa miaka saba au kumi, wengi wao wamempa hukumu ya mtoto huyo: ibada yake ni sahihi akiifanya, anafundishwa na kuamrishwa, lakini haandikiwi dhambi.

Vipi tutajua? Usimpime kwa ulimi. Katika madrasa yetu wamepita watoto wawili waliohifadhi Juzuu Amma kwa kusikia tu, makhraji safi kabisa, na mmoja wao hakuweza kuomba maji ya kunywa. Na tumemjua binti asiyesema hata neno, ambaye ikiingia adhuhuri huvuta msala wa mama yake na kuutandika upande wa kibla. Wa kwanza anasoma asichokielewa, wa pili anaelewa asichoweza kukisema. Mama mwenye kuishi na mtoto ni shahidi mkubwa katika hili, na mtaalamu wa watoto ni shahidi wa pili. Imamu asikie wote wawili kabla ya kufungua kinywa.

Kwa mtoto wa mama huyu, kwa sifa alizotutajia, tulimwona yumo katika fungu la ma'tuuh mwenye tamyizi kidogo. Afundishwe anachokiweza. Rakaa mbili anazozisimama akatulia ni kheri, na zilizompita hana deni nazo.

Kutiwa adabu

Sasa tufike penye uzito, na hapa hatuna budi kuanza na nafsi zetu. Miaka zaidi ya ishirini iliyopita, kila darasa zima liliposoma kwa pamoja, mtoto mmoja aliziba masikio na kulia. Tulidhani ni ukaidi. Tukatumia bakora, kama tulivyotumiwa sisi. Akaacha kulia, akaanza kujiuma mkono, mpaka ukatoka damu. Tukazidisha. Mama yake akaacha kumleta, na sisi tukasema afadhali. Hatukujua usonji ni nini, lakini tulikuwa tumesoma fiqhi, na fiqhi peke yake ingetosha kutuzuia.

Hadithi ya kuamrishwa mtoto swala akiwa na miaka saba, na kupigwa kwa kuiacha akiwa na kumi, imepokewa na Abu Daud. Walimu wengi wameihifadhi nusu ya pili. Mafaqihi wetu wa Kishafii wameifunga kwa masharti: mtoto awe na tamyizi, kipigo kisiumize, kisiwe usoni, na kiwe na faida. Izzuddin bin Abdissalaam (aliyefariki mwaka 660 Hijria) amelieleza sharti la mwisho vizuri sana katika Qawaaid yake. Maana ya maneno yake ni kuwa, ikiwa mtoto hatengenei kwa kipigo chepesi, na kikali hakijuzu, basi hata kile chepesi hakijuzu tena. Kiliruhusiwa kuwa ni njia ya kufikia maslahi. Njia isiyofika popote imebakia kuwa madhara matupu. Tazama basi: mtoto asiyeweza kuunganisha bakora na kosa, maslahi yako wapi? Aliyepigwa kwa kulia kwa sababu ya kelele amefundishwa kitu kimoja tu, kwamba madrasa ni mahali pa maumivu mawili.

Wataalamu wa tabia wamelichunguza jambo hili kwa njia yao. Ivar Lovaas, wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, alichapisha mwaka 1987 habari za watoto 19 waliofundishwa mmoja mmoja kwa saa 40 kila wiki. Tisa kati yao, kwa maelezo yake, walifika kusoma darasa la kawaida. Sifa zilivuma. Lakini katika zana zake zilikuwamo ukemeo mkali na kofi la paja, na katika miaka ya 1960 alitumia hata umeme. Wengi wa wenye fani hiyo wameyaacha mambo hayo, na watu wazima wenye usonji waliopitia mafunzo ya namna ile wamesimama kueleza walivyoumia. Hatumsifu Lovaas wala hatutupi kila kilichotoka kwake. Hekima ni mali ya muumini iliyompotea, na akiiokota huipangusa vumbi kwanza.

Kilicho kizuri katika elimu hiyo ni kwamba haiulizi, "Nimkomeshe vipi?" Inauliza tendo limetanguliwa na nini, na mtoto alipata nini baada yake. Mtoto anapopiga kelele, mara nyingi anakimbia kitu kinachomuudhi, au anataka kitu asichoweza kukitaja, au anataka kutazamwa, au mwili wake unapata raha katika harakati ile. Tendo ni moja, sababu ni nne, na dawa zake hazifanani. Mwalimu aandike kwa siku kadhaa: ilikuwa saa ngapi, kulikuwa na nini, likafuatia nini. Yule mtoto wetu angeandikwa siku tatu tu, ingeonekana kuwa hulia wakati wa kusoma kwa pamoja, na hali wakati mwingine. Angesogezwa barazani akasoma peke yake, na fitina yote ingekwisha. Kisha angefundishwa kuinua kadi yenye picha ya mlango anapotaka kutoka. Andy Bondy na Lori Frost huko Marekani waliitengeneza mwaka 1985 njia ya kusema kwa kubadilishana picha, na mtu aweza kuifuata kwa makaratasi na kalamu za rangi.

Tuchukue mfano wa udhu. Kwetu sisi udhu ni neno moja, kwa mtoto huyu ni mambo ishirini yaliyorundikana. Yagawe. Anza na faradhi peke yake: uso, mikono, kupaka kichwa, miguu, kwa tartibu yake. Kuosha mara tatu ni sunna, kuna siku yake. Chora picha nne, zibandike ukutani juu ya bomba. Mshike mkono umpitishe hatua zote, ila ya mwisho, mguu wa kushoto, umwachie aimalize mwenyewe, kisha mfurahie papo hapo na umpe kipande cha kashata. Akishaimudu, mwachie miguu yote miwili, kisha kichwa, ukirudi nyuma hivyo hivyo. Tartibu ya udhu haikuguswa, kwa kuwa maji yamefuata mpango wake kila siku. Kilichobadilika ni mkono wako kupungua kidogo kidogo. Yaweza kuchukua wiki tatu, yaweza kuchukua mwaka.

Tuliulizwa na mwanafunzi mmoja kama kashata haiharibu ikhlasi. Tukamrejesha kwenye hadithi ya Rubayyi' bint Mu'awwidh (R.A.) kuhusu saumu ya Ashura. Masahaba walikuwa wakiwafungisha watoto wao wadogo, na mtoto akililia chakula walimpa mwanasesere wa sufi akacheza mpaka wakati wa kufuturu. Ikhlasi ni somo la mwenye akili timamu. Kwa mtoto, mlango hufunguliwa kwa anachokipenda.

Lakini isiwe shabaha yetu kumfanya mtoto afanane na wengine. Kupepea mikono hakumdhuru mtu, na hakuna aya wala hadithi iliyokukataza. Cha kushughulikiwa ni kinachomuumiza yeye au wengine, kama kujiuma na kukimbilia barabarani, na kinachompa uwezo, kama kuomba maji na kujisafisha chooni. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 mafunzo kwa walezi yenye vikao tisa vya pamoja na ziara tatu za nyumbani, ambayo yanaweza kuongozwa na mtu asiye tabibu, na yamekuwa yakijaribiwa Kenya na Ethiopia. Kamati ya msikiti yenye ukumbi na mikeka isingoje iletewe. Iende kwa mganga mkuu wa wilaya ikaulize.

Msikitini

Waliomkataza mama yule hutegemea maneno yaliyomo katika Ibn Majah ya kuwaepusha watoto na wendawazimu na misikiti. Maneno hayo isnadi yake ni dhaifu. Ndani yake yumo al-Haarith bin Nabhaan, ambaye wanachuoni wamekubaliana juu ya udhaifu wake. Na kinyume chake kimethibiti: Mtume (S.A.W.) aliswalisha huku amembeba mjukuu wake Umama, na aliifupisha swala aliposikia kilio cha mtoto kwa kumhurumia mama yake. Hakumtoa mtoto, aliibadilisha swala. Bedui aliyekojoa msikitini aliachwa amalize, kisha ikamwagwa ndoo ya maji.

Ni kweli kwamba mafaqihi wa Kishafii wamechukia kumwingiza msikitini asiye na tamyizi ikiwa haaminiki kutia najisi, na wakaharimisha ikiwa dhana yenye nguvu ni kuwa atatia. Hatufichi kauli hiyo. Lakini iangalie illa yake: ni najisi, wala si sauti, wala si kujitikisa. Mtoto aliyevaa nepi safi, aliyepelekwa msalani kabla ya adhana, illa hiyo haimo kwake. Ila baba asimbebe ndani ya swala ikiwa nepi imekwisha kuchafuka, kwani kwa madhehebu yetu mwenye kuswali asibebe najisi.

Mahali pake pazuri ni mwisho wa safu, ubavuni pa baba yake, karibu na mlango. Akiondoka na kuacha pengo, swala ya waliobaki haibatiliki. Kuziba safu ni sunna, nao watasogea. Vifaa vya masikioni vya kupunguza kelele havina ubaya wowote. Aanze kuzoeshwa msikiti ukiwa mtupu, asubuhi ya siku ya kazi, dakika tano, kisha kumi, kabla ya kuletwa katika swala ya jamaa, na Ijumaa iwe ya mwisho. Na kipaza sauti cha ndani, jamani, kipunguzwe. Hata wasio na usonji wanaumwa vichwa.

Kufuli, mali na baba

Kumzuia mtoto asiende baharini au barabarani ni wajibu wa mlezi, na mlango uliofungwa kwa muda mfupi, naye ndani ana maji, kivuli na asichoweza kujidhuru nacho, ni dharura ya mnyonge. Lakini dharura hukadiriwa kwa kadiri yake. Kamba na mnyororo hatuvijuzishi, na kumwacha ndani siku nzima ni hatari inayofanana na ile anayoikimbia, kwani moto ukitokea nani atamfungulia? Mama akikosa mtu, majirani wote wanaojua wanaingia katika faradhi ya kutosheleza, na dhambi inawaenea wote ikiwa hakuna aliyesimama. Mtaa ule una nyumba arobaini. Hawakosi watu wawili wa kukaa naye asubuhi kwa zamu. Na zaka inajuzu kwa familia hii kwa fungu la mafakiri na masikini, wakainunulia chakula au wakalipia mafunzo ya mtoto.

Mali yake ni yake. Anarithi kwa ukamilifu, na walii wake anaitunza kama ilivyoelekezwa mwanzoni mwa Suratun Nisaa. Kwa Shafii, Malik na Ahmad mali hiyo ina zaka, naye walii ndiye huitoa. Abu Hanifa hakuiwajibisha isipokuwa katika mazao. Akivunja kioo cha jirani, fidia hutoka katika mali yake mwenyewe, na asipokuwa nayo inabaki deni juu yake. Baba halazimiki ila alipozembea. Na kama ana akili ya kuuza na kununua lakini hudanganyika, hatuoni haraka ya kumzuia moja kwa moja. Habbaan bin Munqidh (R.A.) alipungukiwa na akili ya biashara, jamaa zake wakataka azuiwe, naye akashindwa kujizuia na soko. Mtume (S.A.W.) akamfundisha kushurutisha kila anapouza kuwa kusiwe na hadaa, na akampa khiyari ya siku tatu. Alipewa chombo cha kumlinda, akabaki sokoni na watu.

Lililobaki ni jambo ambalo mama hakuliuliza, tukamuuliza sisi. Baba yu wapi? Akasema aliondoka mtoto alipofika miaka minne, akaoa mji mwingine, na tangu mtoto abaleghe haleti tena hata shilingi, akidai kuwa mwanamume aliyebaleghe hujitafutia. Hoja hiyo haisimami. Kwa madhehebu ya Shafii, mtoto fakiri asiyeweza kuchuma kwa sababu ya udogo, ulemavu au kukosa akili, nafaka yake iko juu ya baba yake, awe na miaka minne au arobaini, na talaka ya mama haiondoi kitu humo. Malezi nayo hubaki kwa mama maadamu mtoto hajafikia tamyizi ya kuchagua, hata akibaleghe. Tumempa mama barua, tumemwelekeza kwa kadhi, na tumemwandikia imamu wa msikiti anaoswali baba huyo.